Sinema ya Kaburi Lisilochimbika

Jumapili ile DJ Athumani alishika maiki, akafungua mdomo, akakosa la kusema.

Banda zima la video likamgeukia. Tangu tumfahamu, Athumani hajawahi kuishiwa maneno.

Kama angetamka hata sentensi moja kwenye maiki ile, leo ningekuwa nawaandikia habari za msiba wa pili nyumbani kwetu.

Tulieni niwasimulie.

Mimi ni Efrazia, naishi Turwa, pembeni mwa mji wa Tarime. Shule nimeianza ukubwani, nasoma madarasa ya jioni. Mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe tusonge mbele.

Kwa mama yetu tulizaliwa watatu. Kaka yetu Nyangwine, mimi, na kitindamimba wetu Nchagwa.

Nyangwine aliuawa kwenye mpaka wa shamba. Ulikuwa ugomvi wa ng'ombe kuingia kwenye mahindi, ule ambao huku kwetu unaanza na matusi asubuhi na jioni watu wako matangani. Alikatwa panga. Kila mtu alijua aliyemkata ni Waitara, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo.

Waitara alikamatwa. Lakini walioona waliogopa. Hakuna hata mmoja aliyesimama kutoa ushahidi. Akaachiwa, akarudi, tukawa tunauona moshi wa jikoni kwake kila asubuhi.



Kisha siku moja Nchagwa akanijia na kuku wake wote, wamefungwa miguu, wananing'inia mikononi.

"Dada, nitunzie hawa."

"Unasafiri?"

"Eeh."

"Lini?"

"Jumapili jioni."

"Unaenda wapi, mura, kijana wangu?"

Akatazama ng'ambo ya korongo.

Jamani, nilielewa. Kijana anayependa kuku wake kuliko kula, akianza kuwagawa, huhitaji kuuliza mara mbili. Na usiku nilimsikia akinoa panga, shwaa, shwaa, taratibu kama mtu asiye na haraka.

Nikaenda kwa baba mdogo. Akaniangalia kama nimemtukana.

"Unataka nimzuie? Damu ya Nyangwine imemwagwa kama maji ya kunawia, halafu wewe unataka nimzuie?"

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaniambia kwa upole, "Mama, mtu hakamatwi kwa kugawa kuku."

Sikuwa na mwingine wa kumwendea. Nikafunga. Nikawa naomba ombi moja tu: Bwana, ushike mkono wa Nchagwa. Nikipika naomba. Nikifua naomba. Nilishikilia ombi hilo kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe anayevuka mto uliofurika.

Mbingu zikanyamaza.

Sasa, Nchagwa alikuwa na ulevi mmoja: sinema. Tangu tuzike, kila mchana yuko kwenye banda la Athumani kule Nkende.

Athumani huyu baba yake alikuja kutoka pwani kuuza vitambaa, yeye akazaliwa hapa hapa Tarime. Ana kazi mbili. Ukimpelekea flash anakuwekea sinema. Na kwenye banda yeye ndiye mtafsiri: anakaa na maiki kando ya luninga, anaitafsiri sinema papo hapo kwa Kiswahili, na Kikurya pale matusi yanapohitajika.

Nimepita nje ya banda lile mara nyingi. Spika zinapasua masikio.

"Mwanaume kamili hasahau! Nakuja kwako mjinga wewe! Chimba shimo lako kabisa!"

Watu ndani wanapiga miluzi. Na Nchagwa anarudi nyumbani macho mekundu, anakaa chini, anaanza tena kunoa.

Ijumaa nikitoka darasani, madaftari kwapani, nikaingia.

"Heee! Shikamoo dada Efrazia," Athumani akasema. "Mama wa kwaya kwenye banda la video? Kiama kimefika na sijatawadha."

"Marahaba. Athumani, maneno yako yanamnolea mdogo wangu panga."

"Dada, mimi natafsiri tu."

"Ile ya juzi ilikuwa ya Kikorea. Kikorea umesomea wapi?"

Akacheka. Halafu kicheko kikamwisha.

"Nawaangalia sura," akasema. "Kisha nasema kile watu wanachotaka kusikia."

Nikamweleza yote. Kuku, Jumapili jioni, ng'ambo ya korongo. Nilivyokuwa naeleza nikaanza kulia mbele yake kama mtoto.

Athumani akamfukuza mteja aliyekuwa anasubiri flash yake, akafunga mlango. Akaanza kupekua sanduku moja lililokaa chini ya meza.

Hilo sanduku mji mzima unalicheka. Mpwa wake Yassini ni mpishi kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda, na wageni wanaopenda sinema humwachia za kwao. Si zile za mastaa. Ni sinema ndogo ndogo za Ulaya, za Wareno, za Wahungari, za Wafini, zilizotengenezwa na watu wasio na pesa wala jina. Athumani amezipenda kama mtu anavyopenda mtoto mgonjwa. Kila mteja anashauriwa.

"Jaribu na hii."

"Ina ngumi?"

"Haina."

"Ina mapenzi?"

"Kidogo."

"Sasa ina nini?"

"Ina watu."

"DJ, usinizingue. Niwekee ya ngumi."

Ndivyo ilivyo kila siku. Hajawahi kuchoka.

Akatoa flash moja. "Jumapili nitaionyesha hii, baada ya ile ya ngumi."

"Inahusu nini?"

"Kaburi."

"Athumani! Mtu anataka kuua, wewe unampa kaburi?"

"Dada, sikudanganyi, sijui itamfanya nini. Nimeiangalia peke yangu mara nyingi. Sijawahi kuitafsiri kwa sababu humo ndani hakuna mtu anayeongea."

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikasema sawa.

Jumapili ikafika. Nilitoka ibadani na kitenge changu cha kwaya, nikalipa kiingilio, nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Banda ni la mabati, madirisha yamezibwa kwa magunia, kwa hiyo hata jua likiwa kali ndani ni giza tupu. Nchagwa nilimjua kwa mabega yake, mbele kule. Panga lake lilikuwa nyumbani, limeshanolewa. Alikuwa anasubiri tu jua lishuke.

Ile ya ngumi ikaisha. Wengine wakatoka, wengine wakaingia. Athumani akaweka ya pili.

Theluji. Nyumba moja. Mzee anatoka na sururu, anaanza kuchimba ardhi.

Watu wakasubiri. Mzee anachimba. Ardhi imeganda kama jiwe, sururu inaruka. Anachimba tena.

"DJ, steringi ni nani?"

"Umelala, DJ? Tafsiri!"

Ndipo Athumani akashika maiki, akafungua mdomo, akakosa la kusema. Akaiweka chini.

"Ndugu zangu," akasema bila maiki, "hapa hata mimi sina neno."

"Tumepigwa!" mmoja akapaza sauti. "Tumelipa kumwangalia babu analima!"

Benchi zikagongana, nusu ya watu wakatoka wakitukana. Tukabaki wachache. Na banda lile, kwa mara ya kwanza nadhani tangu lijengwe, likawa kimya.

Kwenye sinema mzee akawasha moto juu ya ardhi ili iyeyuke. Akachimba. Ikaganda tena. Kupitia dirishani tukaona ndani ya nyumba: kijana amelazwa mezani, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Tukajua anamchimbia nani. Hakuna aliyetuambia.

Akatokea jirani na koleo begani. Mzee akamwona, akanyanyua sururu juu kama anataka kumpasua kichwa nayo. Jirani hakukimbia. Akasimama tu, theluji inamwangukia. Muda ukapita. Mzee akashusha sururu, akaendelea kuchimba. Na jirani akaingia kwenye shimo, akaanza kuzoa udongo.

Nikasikia mtu analia.

Mwanzoni nilidhani ni kwenye sinema. Hapana. Ilikuwa mbele pale.

Niwaambie kitu. Nchagwa alipotahiriwa hakupepesa hata jicho. Siku ya mazishi ya Nyangwine, aliichimba ile ardhi ya mawe mwenyewe, akakataa kupokelewa sururu, na chozi halikumtoka. Huku kwetu mwanaume amefundishwa hivyo. Sasa alikuwa analia kwa sauti, amejikunja, anaita, "Kaka. Kaka. Kaka yangu."

Hakuna aliyemcheka. Hakuna aliyemgusa. Nikasema moyoni, asante Bwana, umeushika mkono wake.

Sinema ikaisha. Athumani akavuta gunia la dirishani, mwanga ukaingia.

Ndipo nikamwona mtu aliyekaa nyuma ya Nchagwa. Karibu kabisa, magoti yake yanakaribia kugusa mgongo wa mdogo wangu. Amevaa koti la mvua, na nje jua linachoma. Mkono wa kulia uko ndani ya koti.

Waitara.

Sikupiga kelele. Siku zote zile nimeuombea mkono wa Nchagwa, na kumbe mkono wenye panga ulikuwa mgongoni kwake!

Waitara akautoa mkono. Panga lilikuwa fupi, jipya. Akaliweka kwenye benchi kando yake, polepole, kama mtu anayeweka kikombe cha moto.

Nchagwa akageuka.

Waliangaliana. Watu waliobaki wakaona, wakakimbilia mlangoni, wakanipita pande zote.

"Umefuata nini hapa?" Nchagwa akauliza. Uso bado umelowa.

"Wewe."

"Mimi?"

"Niliambiwa umegawa kuku. Nikajua siku yangu imefika. Nikasema nikuwahi." Waitara alikuwa anaongea chini chini, hata kumsikia shida. "Nimeingia ile ya ngumi inaisha. Nilikuwa nasubiri DJ aanze kelele zake. Akianza, nani angesikia?"

Athumani akashika ukuta.

"Hakuanza," Waitara akasema. "Nikakusikia wewe."

"Ukanisikia nikilia, ukanihurumia?"

"Hapana. Niliogopa. Mimi nilikuwa nakuona kama panga linalotembea. Kumbe wewe ni mfiwa tu."

Nchagwa akanyoosha mkono, akalichukua lile panga kwenye benchi.

Ndugu zangu, hapo niliacha kuomba kwa maneno. Nilikuwa nasema "Yesu, Yesu, Yesu" tu, kama mtu anayegonga mlango.

"Kaka yangu alisema nini?" Nchagwa akauliza. "Mwishoni. Alisema nini?"

Waitara hakuinua macho.

"Aliomba maji."

"Ukampa?"

"Sikumpa."

Mimi mwenyewe, mtu wa sala, naungama mbele yenu: kwa ile sekunde moja nilitamani ampige.

Nchagwa akalinyanyua panga. Waitara hakukinga hata mkono. Alifumba macho tu.

Panga likapiga benchi. Mbao ikapasuka. Nchagwa akaliacha limenasa pale, akamshika Waitara kola ya koti.

"Twende. Hayo uliyonieleza mimi, ukayaeleze kituoni. Mpaka na hilo la maji."

"Twende," Waitara akasema.

Tukaenda kwa miguu, mimi katikati, Athumani nyuma yetu na kofia yake mkononi. Mji mzima unatushangaa. Waitara aliingia kituoni mwenyewe, akasema yote, hakuficha kitu.

Mpaka leo ninapoandika yuko mahabusu, kesi inaendelea.

Msidhani mambo yameisha vizuri. Baba mdogo haongei na sisi, anasema tumeiuza damu. Mama anaota Nyangwine anaomba maji, anaamka na kikombe mkononi. Nchagwa hajamsamehe Waitara, na mimi simlazimishi. Ila analala usingizi. Na siku nyingine anakaa nyuma ya nyumba analia kidogo, kisha anaingia, anaomba chakula.

Sanduku la Athumani bado lipo chini ya meza. Watu bado wanamuuliza, "Ina ngumi?" Ukipita Nkende na flash yako, mwambie akuwekee moja ambayo haina anayeongea. Usiiangalie ukiwa na haraka.

Funzo nililolipata ni hili. Mtu akiwa na hasira sana, usikimbilie kumshika mkono. Muulize anamlilia nani. Sisi tulimwachia Nchagwa msiba akae nao peke yake, tukashangaa kwa nini anaugeuza panga.

Na kwa upande wa sala, nimejifunza kwamba nilikuwa naomba nusu. Nilimwombea wa kwangu tu, kana kwamba ng'ambo ya korongo hakuna mtu anayeogopa.

Siku hizi nikipiga magoti namtaja na Waitara. Jina lake linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Wakati mwingine nalimaliza, wakati mwingine naishia "Wai", machozi yananizidi.

Lakini naamini Mungu analijua lililobaki.