Aliyoyasitiri Bi Waridi

Bi Waridi wa Mtopanga ameosha maiti za wanawake miaka thelathini bila kupokea hata kikombe cha chai. Kikundi chetu cha akina mama wa msikitini ndiye aliyekianzisha, na maskini wa Kisauni walitujua: ukifiwa na mkeo na huna mbele wala nyuma, unatuma mtu tu, nasi tunakuja na sanda, sabuni na karafuu maiti. Mimi kazi yangu ilikuwa kumwaga maji. Siku ya kwanza alinipa sharti moja, kwamba ninaloliona kwenye mwili wa marehemu nilizike naye. Kumsitiri maiti ni amana, na wallahi sijaona mwanamke aliyeitunza kama yeye.

Ndiyo maana tulipomwosha Raghad, mke wa Hadi, hatukusema kitu. Mumewe alidai ameteleza bafuni. Shingoni palikuwa na alama za vidole, na mbavuni makovu ya zamani. Nilimtazama Bi Waridi. Akavuta shuka, akaniambia nimwage maji. Nikamwaga. Wiki iliyofuata Hadi alituletea tangi jipya la maji na majora ya sanda, imamu akamwombea dua mbele ya watu, nasi tukaitikia amina. Najichukia hadi leo kwa amina ile.

Hata mwaka haujaisha, Hadi akamposa Ummi.

Ummi alikuwa mdogo wetu kikundini, binti mpole wa mikono, na ndiye ambaye Bi Waridi alikuwa akimwandaa kushika nafasi yake. Mamake akazunguka mtaani kuulizia tabia za mchumba huyo, kama ilivyo desturi. Alipofika kwa Bi Waridi mimi nilikuwapo, napepeta mchele. Nilisubiri aseme. Mwisho akasema Hadi ni mtu wa kheri, baya lake halijui. Mgeni alipoondoka nilimkabili, akanijibu kwamba yeye alimsitiri Raghad kwa amana, hawezi kumvua nguo mara ya pili. Nikamwambia aibu ile si ya Raghad, ni ya Hadi. Alilia sana, lakini hakuinuka kumfuata yule mama. Wala mimi sikuinuka, na ulimi ninao.

Miezi minane baada ya harusi tuliitwa tena. Juu ya kitanda cha kuoshea alilala Ummi, na shingoni mwake alama ni zile zile. Bi Waridi alimwosha, akamfunga kwa sanda aliyoitoa Hadi. Wanaume walipokuja kulichukua jeneza, yeye alikwenda moja kwa moja chumbani walimokaa wanawake wa msiba, akasimama mlangoni na kusema yote, ya Raghad na ya Ummi.

Mamake Ummi ndiye aliyejibu, polepole, bila kuinua sauti.

"Bi Waridi, mimi si nilikuja kukuuliza?"

Bi Waridi akaketi pale pale sakafuni. Nikachungulia dirishani. Jeneza lilikuwa limeshatoka getini kwenda msikitini, na mbele kabisa, begani mwake, alikuwa amelibeba Hadi.