Mageti ya Baba, Upande wa Ndani

Mpaka leo nikinusa chuma kilichoungua na rangi ya mafuta, narudi kuwa binti wa miaka kumi, mtoto wa Fundi Wandera wa Busia, upande wa Uganda, na shingo yangu inanyooka yenyewe.

Baba alikuwa fundi wa mageti. Usidhani ni yale ya bati na fremu. Ya Baba yalikuwa na tausi, maua na samaki wa chuma. Kilichoniudhi ni kwamba, tausi akishakamilika, Baba aligeuza geti na kusugua upande wa nyuma kwa msasa siku mbili nzima. Mafundi wenzake walimcheka, nami niliona haya.

Kazi zake zote zilikuwa Busia. Tororo, mji wa jirani, hakujulikana, na kuingia Tororo ilikuwa ndoto yake. Siku moja Mama Athieno, muuza samaki aliyekuwa akijenga huko, akamwambia apeleke picha za kazi zake Jumamosi. Fundi mmoja wa upande wa Kenya alikwishapeleka zake.

Baba alikuwa na geti la kumalizia, hivyo nikapewa simu ya mama yangu nizunguke kupiga picha. Mama akanionya, "Wewe Nabwire, usisimame barabarani kuchungulia nyumba za watu kama mwizi. Piga hodi, salimia."

Nikatii kuliko nilivyotumwa. Nilibisha hodi nyumba saba, nikapiga magoti, nikasalimia, nikanywa chai mara mbili na kula muhogo. Kisha, nikiwa uani, geti limefungwa nyuma yangu, nikageuka na kupiga picha. Msomaji, wewe umeshaliona kosa. Mimi sikuliona.

Baba hakuzikagua, aliniamini. Jumamosi tukaenda wote wawili Tororo kwenye ujenzi wa Mama Athieno; Baba akafungua simu mbele yake, kisha akanigeukia.

"Nabwire, tausi iko wapi?"

Tausi wote walikuwa wanatazama barabarani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tororo ilikuwa inamponyoka Baba, na mkosaji ni mimi.

Mama Athieno akaichukua simu, akazikuza picha kwa vidole, moja baada ya nyingine.

"Fundi, hii ndiyo nyuma?"

"Ndiyo, mama. Mtoto amekosea."

"Huyo mwingine ameniletea mbele tu. Nilienda kuona geti yake moja. Nyuma iko na madonge ya kuchomelea, kutu nayo imeanza. Sasa wewe, nani alikuambia usugue hivi?"

"Mama, mbele ni ya wapita njia. Mwenye nyumba anaonanga nyuma kila asubuhi."

Mama Athieno akacheka, akanirudishia simu mimi, si Baba. "Kuja upime hapa," akamwambia Baba.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba kosa langu ndilo lililompa Baba kazi ya Tororo. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba kosa lile lile lingemwangusha fundi mwingine yeyote. Baba hakuwa na upande wa kuficha, na ule msasa niliouonea haya ndio uliotuokoa sote wawili.

Geti la Mama Athieno bado lipo. Nikifika Tororo nawakuta watu wamesimama barabarani wakimpiga picha tausi. Mimi napiga hodi, nasalimia, naingia ndani.