Matundu ya Kache

Kache akikasirika hupiga kelele, majirani wote wakajua. Mara ile alinyamaza, na waliomfahamu wakaogopa.

Kazi yake, hapo Malindi, ni kutoboa picha kwenye mabamba ya chuma ya kupambia kuta na mageti. Huichukua picha akaigeuza nukta kwenye kompyuta, kubwa penye mwanga, ndogo penye kivuli, kisha mashine ikazitoboa. Ukilikaribia bamba huoni ila matundu. Ndiyo maana humwambia kila mteja, "Rudi nyuma, vuka barabara, finya macho." Hapo ndipo picha hutokea.

Meneja wa hoteli moja ya Watamu alimletea picha kwenye simu: kigango, nguzo ya kuchonga ambayo Wagiriama humsimamishia marehemu wao. Alitaka nakshi za kigango hicho zijae ukuta wa langoni.

"Chenyewe tunacho mapokezini," alisema kwa maringo. "Wageni wanakipenda. Wanakitundikia kofia."

Kache akatazama. Bega la kushoto la kigango lilikuwa na kiraka cha lami. Aliyelitia lami ni baba yake, Mzee Dena, mchwa walipolila. Kilikuwa kigango cha babu yake Mwaringa, kilichong'olewa na wezi kule Ganze. Tangu hapo, mtoto akiugua, mvua ikikosa, Mzee Dena hujilaumu yeye: alishindwa kumlinda baba yake.

Na hawa wanamtundikia kofia!

"Mlikitoa wapi?"

"Tulinunua. Mambo ya kale hayo, dada. Hayana mwenyewe."

Kache aliuma meno hadi taya likamuuma. "Kazi nitaifanya," akasema.

Ilipokwisha, meneja alikuja karakanani, akabandika pua kwenye chuma, akapapasa matundu, akasifu sana. Kache hakumwambia arudi nyuma.

Mabamba yakasimamishwa langoni. Asubuhi yake madereva wa tuktuk, ng'ambo ya barabara, walikuwa wakisoma kwa sauti: HUMU NDANI MNA KIGANGO CHA MWARINGA WA GANZE. KILIIBWA. Watu wakajaa. Meneja alivuka mbio, akageuka, akasoma, akakauka.

"Yashusheni! Sasa hivi!"

Kache alikuwa keshafika, na Mzee Dena kando yake na bakora yake. Kelele zote zilizomkaa kooni zikafumuka.

"Yashushwe kwa nini? Wewe hutaki kusomwa, na babu yangu je, alitaka kuvishwa kofia na walevi wako? Ungekitundika kichwa cha babu yako wewe? Ulisema hayana mwenyewe. Haya, mwenyewe huyu hapa. Mwamkie!"

Meneja aliutazama umati, kisha akamtazama mzee.

"Shikamoo, mzee," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Dena hakuitikia. Alimpita, akaingia mapokezini, akaanza kuziondoa kofia.