Fimbo Aliyoiacha Mlangoni

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya msaada wa kisheria pale Temeke, wakili kiongozi hakunikaribisha hata chai. Alitazama viatu vyangu vya kisigino kirefu, akaniuliza, "Mapitio ya mahakama ni nini?" Nikajibu ni rufaa. Akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

"Rufaa inauliza uamuzi ni sahihi au si sahihi. Sie tunauliza waliufikia vipi. Likae kichwani hilo."

Limekaa. Hata sasa nimestaafu, nipo zangu Mbweni, upepo wa alasiri ukinipitia barazani nasinzia na kujikuta kwenye korido za Mahakama Kuu, joho begani, nikiufuata mlango ambao haufikiki.

Ndotoni humo anayekuja zaidi ni Mzee Selemani wa Mbagala, seremala wa karakana ya serikali. Mbao zilimwangukia nyonga kazini, na ombi lake la mafao ya ulemavu likakataliwa. Jopo la madaktari liliandika kwamba aliingia akitembea wima, akaketi bila kusaidiwa.

"Kweli uliingia hivyo, mzee?"

"Sasa mwanangu, mie niingie mbele ya wakubwa nimeegemea fimbo kama niko kibarazani kwangu? Niliiacha mlangoni, nikajikaza."

"Kurudi nyumbani akalala wiki nzima hajigeuzi," aliongeza mkewe, Mama Asha. "Heshima zake hizi zitatuua kwa njaa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Marehemu baba yangu angefanya vilevile.

Tuliomba kibali kwanza, maana shauri la mapitio halifunguliwi bila kibali. Kisha tukafika mbele ya Jaji, mama mwenye sauti ndogo. Namkumbuka kama kivuli tu, dirisha lote la mwanga likiwa nyuma yake. Nikaanza kueleza maumivu ya mzee, akanikatisha.

"Wakili, mimi si daktari. Jopo lilimuuliza anatembeaje siku zote?"

"Hapana, Mheshimiwa."

"Lilimpima nyonga?"

"Lilimtazama tu."

Akatengua uamuzi ule na kuamuru mzee asikilizwe upya. Mafao hakumpa, kwani kuyatoa si kazi ya Jaji.

Siku mzee aliporudi mbele ya jopo, nilimsindikiza yeye na mkewe. Mlangoni mzee akasita, mkono ukitafuta pa kuiegemeza fimbo. Mama Asha akamwambia taratibu, "Baba Asha, leo ingia nayo. Kwa ajili yangu." Akaingia nayo, amepinda, bila kututazama.

Alipata mafao. Nilipowapelekea habari, Mama Asha alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mzee alinishukuru kwa adabu, kisha akageukia ukutani. Sikumwelewa kabisa. Mtu gani huyu asiyefurahia haki yake?

Siku hizi magoti yangu hayana nguvu. Jumapili binti yangu hunishika mkono tukifika kanisani, na mimi humwambia aniache. Naumia hatua zote mpaka kwenye benchi, lakini watu wakiwa wananitazama, naingia mwenyewe.