Vidonge vya Siku Mbaya

Sikwenda Kampala kwa kupenda. Miaka ile ya utawala wa jeshi, mtu mwenye akili zake alikuwa anatoka Uganda, haingii. Lakini kondakta mmoja wa basi alisimama mbele ya cherehani yangu hapa Bungoma akasema ametumwa na shemeji yangu Yakubu, koplo wa polisi huko Kampala. "Amesema mwende mkamchukue mtu wenu. Amekuwa kama gogo." Mtu mwenyewe ni Nafula, mkewe, mdogo wangu wa kufuatana. Nilimuuliza gogo vipi, akasema yeye hakupewa maelezo, amepewa hayo tu.

Mama alilia, akapangusa machozi, kisha akatoa amri: nimlete Nafula nyumbani. Kuhusu Asha, binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno, hakusema kitu. Sote tulijua ukoo wa Yakubu, watu wa Arua, hautamwachia mtoto aondoke. Kumleta Nafula ni kumtenga na mwanawe.

Na mimi sikuelewa. Nafula alikatwa rovu, ule uvimbe wa shingoni, kabla hajaolewa, na daktari wa huku akamwambia tezi haipo tena, atameza kidonge kila siku maisha yake yote. Kampala dawa hiyo haikupatikana, kwa hiyo tulikuwa tunampelekea kwa mkono wa wachuuzi, na vilikuwa vinafika. Sasa gogo limetoka wapi? Nikanunua vidonge vingine, nikavifunga kwenye leso, nikapanda basi.

Malaba, mpakani, asubuhi. Walinigongea muhuri wa kukaa mwezi mmoja bila kuniangalia usoni. Nilishukuru, maana uso wangu ulikuwa umejaa maswali, na siku zile mwenye maswali alikuwa mtu wa kuogopwa.

Kabla ya daraja la Jinja tulishushwa sote. Wanajeshi walikuwa wanapekua mizigo pembeni mwa barabara. Mmoja, kijana mwenye macho mekundu, akafungua leso yangu.

"Weye mama, hii nini?"

"Dawa ya dada yangu, afande. Ya shingo."

"Shingo iko nauma, halafu nameza nakwenda kwa tumbo?" Akanusa kidonge kimoja. "Hii sumu. Nakwenda kuua nani Kampala?"

Nilijaribu kueleza. Nilisema rovu, nilisema tezi, nilisema kukatwa, na kila nilivyosema niligundua kwamba hata mimi sijui kidonge hiki kinafanya nini. Mtu unabeba kitu miaka mizima, ukiulizwa ni nini unababaika kama mwizi!

"Kama si sumu, meza," akasema. "Meza tatu."

Nikameza tatu bila maji. Akavuta kreti la soda, akaketi mbele yangu na bunduki magotini. "Tunangoja." Abiria wote wakawa wananitazama nife au nisife. Jua likapanda. Mwisho akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Njaa," nikamjibu, kwa hasira zaidi kuliko kwa ujasiri.

Akasonya, akanirudishia leso. "Dawa gani hii, haifanyi kitu. Peleka."

Njia yote mpaka Kampala nilikuwa nashika kifua changu nikisikiliza moyo. Hakuna kitu. Nilianza kuingiwa na wasiwasi mwingine, mbaya kuliko ule wa bunduki: je, tumekuwa tukimtumia Nafula chaki?

Kisugu, jioni. Yakubu alikuwa amepanga vyumba viwili karibu na barabara ya kuteremkia bondeni. Nilimkuta Nafula ameketi mlangoni na sweta mbili, na watu wengine wote wamevaa nguo nyepesi kwa joto. Uso umevimba, nyusi zimepungua, ngozi imekauka kama ya mguu wa kuku. Nilimwita. Aligeuka polepole, akanitazama, na kabla hajanitambua ningeweza kunywa kikombe cha chai.

"Dada," akasema kwa sauti nene, ya kukwaruza. "Umekuja kunichukua?"

Jamani. Huyu ndiye Nafula aliyekuwa akijibu kabla hujamaliza swali! Nilimkumbatia nikalia waziwazi, na yeye akanipigapiga mgongo, taratibu, kama mtu anayekumbuka jinsi ya kubembeleza.

Mama mkwe wake, Mama Zainabu, mjane mwenye mwili na sauti, aliyekuwa akiuza simsim, yaani ufuta, soko la Owino, alinikaribisha vizuri. Lakini hakuficha neno. "Mwanangu, mimi simchukii. Lakini mtoto nalia, yeye nakaa. Chungu naungua, yeye natazama. Peleka kwa mama yenu apumzike. Asha nabaki na mimi."

Yakubu alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa mtu wa kulala kidogo na kushtuka sana, na kazi yake wakati ule hakuna aliyeiulizia. "Shemeji, nimeshindwa," akasema. "Haki ya Mungu, nimeshindwa."

Nikatoa vidonge, nikasema labda vile vya kwanza vilikuwa vimekwisha. Mama Zainabu akafurahi. Akapanda juu ya stuli, akashusha kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati ili avihifadhi. Ndani ya kopo mlikuwa na sukari iliyofungwa kwenye karatasi, vipande vya sabuni, chumvi, betri za redio. Na chini yake, vidonge vyetu. Vyote tulivyotuma! Vimejaa!

"Ala! Mbona hamjavitumia?"

"Nani kasema hatutumii?" Mama Zainabu akajibu kwa fahari. "Sisi hatuharibu vitu. Akizidiwa sana, nampa moja. Akiba haiozi."

Nikamgeukia Nafula. Alichukua muda kulipanga jibu lake.

"Mimi ndiye nilianza, dada. Mpaka ukifungwa nitapata wapi? Niliacha wiki nzima, sikuona kitu. Nikasema, kumbe naweza kuvitunza kwa siku mbaya."

Kosa hilo sikuweza hata kulikasirikia vizuri, kwa sababu lilikuwa na akili. Katika mji ambao sukari inafichwa ikingoja mgeni na sabuni inakatwa kwa uzi, kwa nini mtu asifiche kidonge? Na mimi mwenyewe si nilimeza tatu nisisikie kitu? Basi ni dawa au si dawa? Niliulalia mkeka nikiwa sijui nimlaumu nani.

Nateete, upande mwingine wa mji, kesho yake. Yakubu alituelekeza kwa Daktari Nsereko, Muganda mwenye mvi aliyekuwa na kliniki ndogo nyuma ya soko. Wenzake wengi walikuwa wamekimbia nchi. Alimpima Nafula, akamgonga kwenye kisigino kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukarudi mahali pake polepole, kwa uvivu, mpaka nikaona aibu kwa niaba yake.

Nikamsimulia habari za yule mwanajeshi. Akacheka. "Nnyabo, mama, asingeona kitu hata angekaa mpaka jioni. Hii dawa inaingia kwa mwili iko nalala."

"Imelala?"

Alieleza, na mimi nilisikiliza mdomo wazi. Homoni iliyo ndani ya kidonge, alisema, ni ileile ambayo tezi ya shingo hutengeneza, na imebeba iodini nne. Ikiwa na nne, inazunguka na damu bila kufanya kazi yoyote ya maana. Ikifika kwenye ini, au figo, au ubongo, seli za hapo, zile chembe ndogo zinazoujenga mwili, zinaing'oa iodini moja. Zikibaki tatu, homoni imeamka, na ndiyo inayouwasha mwili: joto, moyo, akili. Lakini seli ikiamua kung'oa ile ya upande mwingine, zinabaki tatu vilevile, na homoni imekufa.

"Ngoja, Daktari. Tatu ni hai au tatu ni maiti?"

"Inategemea imetolewa upande gani."

"Na nani anaamua upande?"

"Kuna tezi kwa kichwa, inatoa amri kwa ile ya shingo. Lakini amri ikishafika huko chini, kila seli inaamua kwake."

"Bila ruhusa?"

Daktari akautazama mlango. Akainuka, akaurudishia, akaketi tena. "Bila ruhusa," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akasema kwa sauti kubwa kwamba tunazungumza juu ya mwili wa binadamu tu.

Kichwa kilikuwa kinaniuma. Lakini lililofuata nililishika. Dawa inakaa kwenye damu siku nyingi, alisema, kwa hiyo mtu akiacha wiki moja hapati habari. Na ikipungua kweli, ubongo unajitahidi kuamsha hata kile kidogo kilichopo, ili mwenyewe asidhurike upesi. Ngozi, tumbo, misuli vinavumilia. Mtu akishinda na njaa au akiugua, seli zinazidi kuiua homoni kwa makusudi, ili nguvu isitumike ovyo. Mwili ukiona uhaba, unabana.

Tulidhani Nafula amesinzia. "Kama sisi na sukari," akasema.

Daktari alimtazama sana. "Bambi," akasema, neno la Waganda la kuhurumia. "Kama sisi na sukari. Lakini weye, ukiendelea kubana, siku moja utalala usiamke."

Nikataka nimpe tatu palepale, kama mimi nilivyomeza. Daktari akapiga meza. Mwili wangu una afya na umezoea homoni yake ya kila siku, alisema, lakini moyo wa Nafula umezoea kidogo, ukijazwa ghafla unaweza kusimama. Aanze na nusu, kila asubuhi, kabla ya chai, kisha aongezewe taratibu. Na tungoje majuma.

Kungoja! Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kweli. Kisugu, kila asubuhi, Nafula alimeza, na kila asubuhi Mama Zainabu aliniuliza, "Mbona bado?" Nami nilimweleza kwamba seli zinang'oa iodini, mpaka akaniuliza kama ninaumwa na mimi. Siku moja niliona anacheka kidogo, nikashangilia. Kesho yake akalala mchana kutwa. Nilimwamini daktari asubuhi, jioni nikamwona mwongo. Muhuri wangu ulikuwa unakaribia kwisha, na Yakubu aliniambia wazi: "Siku yako ikifika, ondoka naye, shemeji. Mama hatangoja zaidi."

Nilianza kufunga nguo za Nafula. Nilificha kanga moja ya Asha ndani yake, ili mama yake awe na kitu cha kunusa.

Mchana huo nilikuwa uani nakunja nguo hizo. Mama Zainabu alikuwa anamlisha Asha uji, na uji ulikuwa wa moto. Mtoto akalia. Kabla sijainua kichwa, Nafula alikuwa ameshafika, amempokonya bakuli mama mkwe wake.

"Mama! Wamchoma mtoto! Huuoni moshi wote huo?"

Upesi. Yote kwa pumzi moja. Mama Zainabu alibaki na kijiko hewani, ameachama. Mkwe kumpokonya mama mkwe bakuli! Nilidhani tumekwisha.

"Weye," akasema polepole, "hiyo mdomo ilikuwa wapi?"

Kisha akaanza kucheka, tumbo likamtikisika, akaketi chini kwenye simiti akiwa bado anacheka. Nafula alimpuliza mtoto uji, amekunja uso, na sweta moja ilikuwa imefungwa kiunoni. Mimi nilikuwa nalia tena. Safari hiyo nililia sana, sikatai.

Nguo za Nafula alizitoa Mama Zainabu mwenyewe kwenye furushi langu, moja moja, akazirudisha kabatini. Akasema mdomo huo utamtesa, lakini heri mdomo kuliko gogo.

Bungoma, nilifika mchana. Mama alikuwa amesimama barabarani. Aliangalia mlango wa basi mpaka kondakta akaufunga.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Nimemwacha kwake, Mama. Yuko na mtoto wake."

Nikamweleza yote, yale niliyoyaelewa na yale ambayo mpaka leo sijayaelewa: nne iliyolala, tatu mbili zisizofanana, seli zisizoomba ruhusa. Mama alinisikiliza kwa subira kubwa.

"Kwa hiyo amepona," akasema.

"Hajapona, Mama. Hatapona. Anameza. Akiacha, hatajua ameacha mpaka awe amechelewa."

Mama akayatazama malori yaliyokuwa yakipita kuelekea mpakani. Kisha akaniuliza, "Nani anakwenda Kampala mwezi ujao?"