Madoa Chini ya Mkunjo

Kutoka Songea hadi Bunda nilitumia siku tisa: basi hadi Dar es Salaam, treni hadi Mwanza, kisha juu ya lori lililobeba magunia matupu ya pamba. Nilishuka na begi moja na cheti cha kidato cha nne. Mpimaji wa pamba wa chama cha ushirika, mzee wa Butiama aliyejenga nyumba Nyasura, mtaa wa palepale Bunda, alinipa chumba bila kuniuliza ukoo. Nikamwita baba.

Ulikuwa msimu wa kwanza wanunuzi binafsi kuruhusiwa. Wakulima walipima gunia kwa mnunuzi, kisha wakalileta kwa baba kulipima tena, na kila mtu alinusa wizi.

"Mizani hii ilikuwaga inatula tangu zamani," walisema.

Kamati ya chama ikaniomba mimi msomi nilinganishe mizani hizo mbili. Nilikuwa na karatasi moja ya miraba, nusu ya juu imeshatumika. Miaka ya shida ilitufundisha kutotupa. Uzito wa mnunuzi niliuweka ukingo wa chini, mraba mmoja kilo kumi. Uzito wa baba niliupandisha ukingo wa kushoto, ila nafasi ilikuwa finyu, basi mraba mmoja nikaufanya kilo ishirini. Kila gunia doa moja. Nikawaeleza wakunje karatasi, ukingo wa chini ulale juu ya ule wa kushoto. Mizani zikikubaliana, madoa yatakaa kwenye mkunjo.

Wakakunja. Madoa yote yalikuwa chini ya mkunjo.

"Si mnaona? Anatupa nusu!" mkulima mmoja akapaza sauti.

Baba alinitazama mimi, si karatasi. Siku ileile wakamnyang'anya funguo za ghala.

Asubuhi nilihesabu miraba nikaliona kosa langu. Nikaomba karatasi nzima shuleni, nikachora upya, kilo kumi kwa mraba pande zote mbili. Madoa yakakaa kwenye mkunjo kama siafu njiani. Nikaipeleka kwa kamati.

"Jana yamelala, leo yameamka," mmoja akacheka. "Huyo mzee amekulisha nini?"

"Kwani si anakulaga kwake?" mwingine akadakia.

Funguo hazikurudi. Nyumbani baba aliniuliza mara moja tu.

"Ulikuwa hujui?"

"Sikujua, baba."

"Na shule yote hiyo?"

Sahani yangu iliendelea kuwekwa, lakini mbali na ya baba.

Jumamosi nikapata lori la Mwanza. Baba alinisindikiza, akaliinua begi langu kwa mkono mmoja kama alivyozoea kuinua magunia.

"Kilo nane," akasema. "Au utaenda kuzichora nne?"

Akanipandishia begi, akageuka.