Sauti ya Injinia

Mume wangu ni mwalimu wa kemia. Hawezi kupigilia msumari ukanyooka. Bawaba za kabati la jikoni kwetu zilipolegea, nilizitengeneza mimi huku yeye akinishikia tochi na kunisifu. Lakini kwa muda wa miaka mitano, kuanzia Kyumbi hadi Masii, mafundi wa ujenzi walimwita Injinia, wakamwogopa, na kazi yangu ikaenda kwa ajili yake. Nikikumbuka, damu bado inanichemka, na nusu ya hasira hiyo ni ya kujikasirikia mimi mwenyewe.

Msanifu majengo ni mimi. Nilisoma miaka mingi, nina muhuri wangu na ofisi ya chumba kimoja mjini Machakos, juu ya duka la viatu. Michoro naichora mimi, na mimi ndiye ninayekwenda kuhakikisha kwamba kinachojengwa ndicho kilichochorwa. Nikifika naletewa kiti. Naletewa soda. Vijana wananiita madam, wazee wananiita mwaitu, mama yangu, kwa heshima kabisa. Kisha nasema ule ukuta umepinda, ubomolewe. Mafundi wanamtazama msimamizi wao, msimamizi anautazama ukuta, halafu ananiuliza, "Madam, Injinia amesema hivyo?" Injinia gani? Hakuna Injinia. Kuna mimi, na nimeshasema.

Siku ya kwanza ilikuwa Kyumbi, na sikupanga chochote. Nilikuwa nimebishana na msimamizi asubuhi nzima kuhusu ukuta wa aina hiyo hiyo, koo limenikauka. Simu ikalia. Alikuwa mume wangu, anauliza alete unga gani jioni. Sijui shetani gani alinipanda. Nilisema kwa sauti, kila mtu asikie, "Ndiyo, Injinia. Nimewaambia waubomoe. Sawa, Injinia." Mume wangu akauliza, "Injinia nani? Nimesema unga wa ugali ama wa chapati?" Msimamizi akavua kofia. Kabla sijarudisha simu mkobani, nyundo zilikuwa zinalia ukutani. Nilicheka njia nzima kurudi nyumbani. Ningejua, nisingecheka.

Maana baada ya hapo ikawa desturi. Kila jengo nililolisimamia lilikuwa na siku ya Injinia kupiga simu. Asubuhi nilimwandikia mume wangu maneno kwenye karatasi, naye akayakariri akinyoa ndevu. Yeye huimba besi katika kwaya ya kanisa, na ile sauti ikitoka kwenye simu ya fundi ilikuwa nzito kuliko jiwe. "Hiyo simiti ni kidogo. Ongeza." Wakaongeza. Yeye aliona ni mchezo mtamu. Mimi nilijiambia kwamba nyumba haijui aliyesema ni nani, inajua tu imejengwa vipi. Huo ndio uongo nilioutumia kulala usingizi.

Ndipo nikapata kazi ya Masii. Mwenye jengo alikuwa mfanyabiashara wa mbegu na dawa za mifugo, mzee wa kanisa, mtu mpole asiyepandisha sauti. Alitaka maduka chini, vyumba vya kupangisha juu, na roshani pana iliyotokeza mbele bila nguzo hata moja chini yake.

Kati ya mafundi wake kulikuwa na mwanamke mmoja, mtu wa makamo, asiye na mume. Alikuwa ameanza kwa kuleta maji ya kuchanganyia simiti, akaja akapokeza mawe, na mwisho akashika mwiko mwenyewe. Aliyepinga kwamba kuta zake ndizo zilizonyooka kuliko zote alikuwa anaringa tu, hana hoja. Lakini kila gari la mgeni lilipoonekana barabarani, msimamizi alimwambia ashuke, ashike mtungi, arudi kwenye mapipa ya maji, wageni wasije wakasema jengo limekosa wanaume. Alishuka. Mgeni akienda, alipanda tena akaendelea na mstari wake wa mawe pale alipouacha. Nilipoona mara ya kwanza nilidhani ni mzaha.

Alitaka jambo moja tu: awe msimamizi kabla mgongo haujamshinda. Aliniambia hivyo siku moja tukinywa chai, bila haya wala kuzunguka. "Nimejenga nyumba za watu mpaka nimechoka kuhesabu, madam. Nataka moja niisimamie mimi." Nilijua mfanyabiashara yule alikuwa na kiwanja kingine upande wa pili wa soko. Nikamwahidi kwamba hili likiisha vizuri, jengo la pili atalisimamia yeye. Ahadi ni deni, na mimi niliikopa mbele ya chai ya watu.

Nilianza kumfundisha kusoma michoro. Vyuma vya roshani vilimtatiza, kwa sababu katika slabu ya kawaida, ile sakafu ya zege ya ghorofa, vyuma hukaa chini, na katika roshani isiyo na nguzo lazima vikae juu. Nikamwambia anyooshe mkono mbele huku ameshika mtungi uliojaa. "Unavutwa wapi?" Akagusa juu ya bega. "Hapa." Nikamwambia, basi hapo ndipo chuma kinapohitajika. Hakuniuliza tena.

Ijumaa moja alinipigia simu mapema. "Madam, kuja leo. Kesho wanamwaga slab, na vyuma vya balcony wameweka chini."

"Umemwambia foreman?"

"Nimemwambia. Ameniambia nirudi kwa maji."

Nilipofika, mashine ya kuchanganyia ilikuwa imeshaletwa, na mbuzi amefungwa kando ya kokoto. Kwetu siku ya kumwaga slabu mwenye nyumba huchinjia mafundi, na mbuzi akishafungwa ni vigumu kumwambia mtu kazi isimame. Nilipanda ngazi. Vyuma vilikuwa chini, vimelala kwenye mbao, vimefungwa kwa nyaya vizuri sana mahali pasipofaa. Roshani ile ingesimama mpaka siku ile tu miti ya kuishikilia ingeondolewa.

"Madam," msimamizi akaniambia, "mimi nimeanza kumwaga slab hujaenda nursery. Chuma inakaa chini." Nikamwonyesha mchoro. Akautazama kama mtu anayepewa gazeti kwa lugha ya wageni, akanirudishia. "Injinia ameona hii?"

Ningeweza kukaa palepale juu ya vyuma na kukataa kuinuka. Nimewaza sana jambo hilo tangu siku ile. Badala yake nilikwenda nyuma ya stoo, nikampigia mume wangu aliyekuwa akisahihisha mitihani, nikamsomea maneno kwa kunong'ona. Nikageuka, simu bado sikioni, nikamwona yule fundi mwanamke amesimama na mtungi wake, amesikia yote. Alitikisa kichwa tu, akacheka kidogo kwa pua. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeshaingia kwenye tope, nikaongeza neno moja la mwisho katika yale niliyompa mume wangu.

Simu ya msimamizi ikalia. Besi ikasikika mpaka kwenye kokoto. Kofia ikavuliwa. "Ndio, Injinia. Zipande juu. Leo leo." Kisha Injinia akaomba kuzungumza na mwenye jengo, aliyekuwa amekuja kumwona mbuzi wake, akamwambia kwamba jengo la pili lisimamiwe na yule mama fundi. Mzee akasikiliza, akasema, "Ukisema wewe, Injinia, mimi nitapinga na nini?"

Nilikuwa nimelisema jambo hilo kwa mzee huyo huyo mara tatu.

Jumamosi slabu ikamwagwa, vyuma vikiwa mahali pake. Mbuzi akaliwa. Wiki zikapita, miti ikaondolewa, na roshani ikabaki juu peke yake bila kutetereka. Siku ya kufungua jengo mzee aliita mchungaji, majirani na mafundi wote. Meza zilipangwa chini ya roshani kwa sababu ya kivuli. Mafundi waliketi. Yule fundi mwanamke alipewa birika na beseni azunguke akiwanawisha watu mikono.

Mzee alisimama kushukuru. Akasema Mungu huwapa watu wengine macho ya ajabu, kwamba kuna Injinia ambaye hajawahi kukanyaga hapa, lakini akiwa huko mbali aliona kosa ambalo lingetuua sisi sote tulioketi. Watu wakapiga makofi. Kisha akanigeukia mimi kwa tabasamu la kweli, maana si mtu mbaya yule, akasema, "Na wewe, mwaitu, tunakushukuru. Wewe ndiye umekuwa ukituletea ujumbe wake."

Ujumbe wake! Niliinuka kabla sijajua nimeinuka. "Injinia wenu ni mume wangu," nikasema, "na ni mwalimu wa kemia. Hajui slabu wala sufuria. Maneno yote nilikuwa nikimwandikia mimi. Na aliyeona kosa si mimi. Ni huyu anayewanawisha mikono."

Sitadanganya, nilijisikia vizuri. Miaka mitano ilinitoka kifuani kwa pumzi moja. Nilimtazama yule mwanamke nikitegemea atabasamu. Alikuwa amesimama na birika lake, maji yakimwagika nje ya beseni.

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikaa polepole, akainua macho akaitazama roshani juu ya kichwa chake, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo hii kitu hakuna mwanaume aliangalia?" Akawaomba watu wasaidiane kusogeza meza. Mchungaji alibeba kiti chake mwenyewe. Tukala pilau juani, jua la saa saba la Masii, na kivuli kizuri kimelala pale bila mtu.

Wiki iliyofuata walisimamisha miti ya mkalitusi chini ya roshani, mstari mzima. Nilikwenda nikaiona. Mingine haikugusa hata roshani yenyewe, ilikuwa imefupika, imesimama tu. Baadaye mzee alimleta mhandisi mwanaume kutoka Nairobi. Aliipima roshani, akasoma mchoro wangu, akasema haina tatizo lolote. Miti haikuondolewa. Jengo la pili akapewa mhandisi huyo, naye akauliza msimamizi wa kwanza alikuwa nani, akamchukua yule yule, yule wa vyuma chini.

Nyumbani mume wangu alisema nilifanya vyema. Alisema hata yeye ule mchezo ulikuwa umeanza kumchosha. Nilimkasirikia bila sababu, nikamwambia kwamba yeye angeweza kuuacha siku yoyote na bado watu wangemsikiliza. Akaenda kuosha vyombo.

Yule fundi alikuja ofisini kwangu mwishoni mwa mwezi. Alikataa chai. Nikaanza kusema kabla hajakaa sawasawa: kwamba ukweli ulipaswa kusemwa siku moja, kwamba tusingejificha nyuma ya sauti ya mwanaume mpaka kufa, kwamba nilimtaja yeye mbele ya watu ili wajue. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikaisha.

"Ni ukweli," akasema. "Sikatai. Lakini si ungengoja nianze kazi?"

Nikamwambia nitamtafutia jengo lingine, Machakos kwenyewe, hata nikikosa kulala. Akasema ameshapata kazi. Nikauliza wapi.

"Hapo kwa jengo la pili. Foreman amenirudisha." Akatazama mikono yake. "Kwa maji."

Akainuka, akavuta leso yake ikakaa vizuri mabegani. Mlangoni alisimama, na alipozungumza hakuwa na hasira, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Madam, wewe ulikuwa na bwana yako wa kukusemea. Mimi nilikuwa na wewe."